Fomu Ambayo Aline Hakuisaini

Buffalo, 21 Septemba 2025

Mwanangu Aline,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua hii ikukute umekula, maana najua ukiwa na kazi nyingi unakunywa chai ukaiita chakula. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto ni lile lile, linaanza kunung'unika kabla baridi haijafika. Nyanya za kwenye ndoo zimezaa hadi nimegawia majirani. Mjomba wako Medard alipiga simu kutoka Louisville, anasema wajukuu wake wanamjibu Kiingereza hata akiwauliza kama wamenawa mikono. Anakusalimia.

Naandika kwa sababu kwenye simu unaniambia "Mama, subiri kidogo," anaingia mtu, na mimi nasahau nilichotaka kusema. Mwalimu wa ngumbaru kule kambini alihangaika na mimi miaka miwili hadi nikajua kuandika. Acha kazi yake isipotee.

Habari yako nimeisikia. Chama kimekuomba ugombee Uanasheria Mkuu wa jimbo lenu. Nilimwambia Gaël, yule Mkongo ninayesimama naye kwenye laini ya mifuniko kiwandani Tonawanda. Akasema, "Bon, mama Kostansia, donc atatufutia tiketi za faini ya gari?" Nikamwambia huyo si polisi, huyo ni wakili wa jimbo zima, mtu akidanganywa na kampuni anakwenda kumlilia yeye. Mpaka saa ya kutoka laini yote ilikuwa inajua.

Lakini nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na viatu miguuni. Aline, kazi uliyo nayo ina ubaya gani? Uliingia pale kupokea simu za watu wanaolalamika, leo wewe ndiye mkuu wa kitengo, una ofisi yenye dirisha. Wanaogombea huchimbuliwa hadi bibi zao. Sikukatazi. Nauliza tu, ni lazima iwe mwaka huu?

Mama yako,
Kostansia


Columbus, 5 Oktoba 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimekula, na leo si chai. Jumamosi nilikwenda kwenye maduka ya Morse Road nikanunua dagaa na unga wa muhogo, nikapika mwenyewe, nikaunguza kidogo. Goti lipelekwe kwa daktari, usilisikilize tu.

Mama, ni lazima iwe mwaka huu kwa sababu bosi wangu anamaliza muda wake na kiti kinabaki wazi. Chama kimechoka na sura zile zile. Wanasema ni mdogo, lakini wanasema pia hakuna wakili mwingine wa ofisi yetu ambaye watu wa mitaani wanamjua kwa jina. Unakumbuka ile kesi ya Nshombo? Yule wa mtaa wa Northland aliyekuwa akiwajazia wakimbizi fomu za uhamiaji bila kuwa wakili, anawaandika wapwa kama watoto wa kuzaa, anawalipisha, halafu wanakwama. Niliifungua mimi, nikaishinda mimi, akafunga duka. Kwa kesi hiyo ndipo walipoanza kuniita mikutanoni.

Sasa ombi. Wiki iliyopita nilizungumza kwenye ukumbi wa kanisa. Nikawasimulia ulivyonizaa kwenye foleni ya mahindi, mvua inanyesha, wanawake wameshika turubai juu yako, na mgawaji anapiga kelele foleni isivunjike. Watu walilia, Mama. Wazee wa Kimarekani walilia. Chama kinataka uje Columbus uisimulie wewe mwenyewe mbele ya kamera, dakika tatu tu, kwa Kiswahili, wao wataweka maandishi chini. Sema yale yale uliyokuwa ukiniambia.

Tiketi ya basi naituma mimi.

Mwanao,
Aline


Buffalo, 2 Novemba 2025

Mwanangu Aline,

Salamu nyingi, na unisamehe kuchelewa. Nilikwenda Louisville kumwona Medard, nikakaa siku nne. Mti wa mbele ya ile nyumba yetu ya kwanza wameukata. Shule uliyosoma imepakwa rangi ya bluu. Medard anakohoa lakini anakula. Tuliongea mengi.

Kuhusu kuja huko, goti halitaniruhusu kukaa kwenye basi saa zote hizo. Utasema mbona Louisville nilikwenda. Ndiyo, nilikwenda, na ndiyo maana linauma. Halafu kiwandani wametubadilishia shifti. Halafu mimi mbele ya kamera nitasema nini? Hata kwenye picha za harusi huwa naonekana kama nimeibiwa kitu.

Ile hadithi iache, mama. Sema ulizaliwa kambini, inatosha. Watu wengi walizaliwa kambini.

Nikuulize jambo. Mtu akigombea cheo hicho, wanaangalia hadi karatasi za kambini? Zile za zamani sana, za mgao? Au wanaangalia za hapa Marekani tu? Nauliza kwa kutaka kujua.

Nilinunua blanketi zito pale Grant Street, nitakutumia. Funika miguu.

Mama yako,
Kostansia


Columbus, 23 Novemba 2025

Mama,

Shikamoo. Blanketi limefika. Zuri, ila lina simba.

Sikufichi, nimeumia kidogo. Hadithi hiyo umenisimulia tangu nina miaka minne. Nilipokuwa nasumbuliwa shuleni Louisville, ulinikalisha ukaniambia, "Wewe hukuzaliwa kwa unyonge, ulizaliwa watu mia mbili wamesimama." Leo nataka uwaambie wengine, goti linauma. Basi, watu wa kamera wanaweza kuja Buffalo. Fikiria.

Umeuliza kuhusu karatasi. Wanaangalia zote. Kabla chama hakijanipitisha kuna fomu ya kurasa kumi na nane. Wanataka majina ya wazazi, tarehe, jinsi tulivyoingia nchini. Nilipoandika kwamba wewe, mimi, marehemu Baba na Mjomba Medard sote tulizaliwa tarehe moja Januari, yule kijana wa chama alidhani nimekosea. Nikamweleza kwamba kambini asiyejua tarehe yake aliandikiwa hiyo, na ndiyo maana familia yetu inakata keki moja kwa mwaka. Alicheka sana.

Swali la mwisho linasema hivi: je, kuna jambo lolote katika karatasi zako au za familia yako ambalo si la kweli? Natakiwa kuandika hapana na kusaini kwa kiapo kabla ya tarehe 15 Januari. Mwanasheria Mkuu anayeapa uongo hawezi kumshitaki mtu yeyote, ndivyo ninavyowafundisha vijana wangu ofisini.

Nihakikishie tu majina yako yameandikwa sawa. Nijibu kabla ya mwaka kwisha.

Aline


Buffalo, 21 Desemba 2025

Mwanangu,

Leo sianzi na goti.

Nimeandika barua hii mara tano. Medard anasema ninyamaze, anasema jambo la miaka thelathini limekufa. Lakini wewe umeniambia utaapa. Sikukulea ili nikuache uape juu ya kitu nisichokuambia.

Nilikuwa na mdogo wangu, anaitwa Leokadia. Jina hilo hujawahi kulisikia nyumbani kwangu, na hilo kosa ni langu peke yangu. Alikuwa mwembamba, mcheshi, anawaiga wagawaji wa mahindi wanavyotembea hadi wenyewe wanacheka. Mumewe alivuka kurudi Burundi kutafuta ndugu zake, hatukumwona tena. Leokadia alikuwa na mimba.

Foleni ni ya kweli, Aline. Mvua ni ya kweli. Kelele za mgawaji ni za kweli. Aliyekuwa chini ni Leokadia. Mimi nilikuwa mmoja wa wale walioshika turubai.

Alikufa kwa malaria ukiwa na miezi saba. Ulikuwa mgongoni kwangu tulipomzika. Kwetu mtoto wa mdogo wangu ni mtoto wangu, hakuna aliyekaa kikao kuamua. Nilikwenda nikakuandikisha kwenye kadi yangu ya mgao, kwa sababu mtoto asiye na mama kwenye kadi alipelekwa kwenye orodha ya yatima, upande ule mwingine wa kambi.

Halafu wakaja Wamarekani na mahojiano. Yule mama mwenye miwani aliuliza kupitia mkalimani, "Huyu ni wako?" Nikasema wangu. Hapo sikudanganya, mpaka leo nasema hivyo. Akauliza tena, "Umemzaa wewe?" Wiki iliyotangulia familia ya Rutebuka ilisema ukweli kuhusu mpwa wao wa kike, faili lake likatolewa pembeni, wao wakapanda ndege na yeye akabaki. Nikauona akilini uso wa yule msichana aliyebaki. Nikasema, "Ndiyo, nimemzaa mimi." Nikaweka dole gumba kwenye wino, ingawa kuandika jina nilikuwa najua.

Siku uliyomshinda Nshombo ulinipigia simu kwa furaha. Nilikupongeza. Siku ile sikula.

Nina kadi yako ya kliniki ya kule, ina jina la Leokadia. Iko ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo. Medard anasema nichome.

Sasa unajua. Fanya unavyoona. Nimekuwa nikiogopa siku hii tangu ulipoanza kusomea sheria, na nilikuwa nalipa ada huku naogopa.

Kostansia


Columbus, 27 Desemba 2025

Mama,

Shikamoo, na poleni na theluji, nimeona kwenye televisheni mmefunikwa hadi milango. Usitoke kuchimba gari wewe mwenyewe. Gaël yupo.

Barua yako sijaipata na simu huipokei, kwa hiyo naandika haraka. Siku ya Krismasi nilimpigia Mjomba Medard. Nilipotaja fomu akasema, "Mama yako asije akakuambia mambo ya zamani." Nikamwuliza mambo gani. Akasema ana kikohozi, akakata.

Mama, mimi ni wakili, nitakuambia jambo kama wakili. Nisichokijua siwezi kuapa uongo juu yake. Nikikijua, basi. Kama kuna kitu, chochote, usiniandikie. Usiniambie sasa. Subiri tarehe 15 ipite, halafu tukae jikoni kwako uniambie yote, nitasikiliza hadi asubuhi. Nakuomba. Nimekifanyia kazi kiti hiki miaka minane, na huenda nikakipata kweli.

Aline


Columbus, 14 Januari 2026

Mama mkubwa,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo nikaliangalia kwa muda mrefu. Ndilo sahihi, si ndiyo? Dada mkubwa wa mama ni mama mkubwa. Mjomba peke yake ndiye hajabadilika jina.

Barua yako ilifika tarehe 10. Muhuri wa posta ni wa tarehe 22 Desemba, kwa hiyo ilikaa kwenye theluji yenu wiki mbili na zaidi. Ingekaa siku tano zaidi ningekuwa nimesaini.

Sikusaini. Jana niliwaambia chama najitoa kwa sababu ya mambo ya kifamilia. Yule kijana aliniuliza kama kuna mgonjwa. Nikasema ndiyo. Ukweli nisingeweza kumwambia hata kama ningetaka, kwa sababu wewe pia ni raia kwa karatasi hizo hizo, na mimi najua sheria inasema nini kwa mtu aliyejibu kama ulivyojibu. Nimewahi kuisoma kwa sauti mahakamani.

Sijui kama nitabaki ofisini. Nimekaa mbele ya watu nikisema wapwa walioandikwa kama watoto ni udanganyifu. Nilisema kwa sauti nzuri sana.

Hiyo kadi usiichome. Usinitumie pia.

Naomba usiniandikie kwa muda.

Aline


Buffalo, 1 Machi 2026

Aline,

Ulisema kwa muda, sikujua muda ni siku ngapi. Nimehesabu arobaini na sita nikashindwa. Ukiona ni mapema, iweke barua hii kwenye droo.

Ile yako ya tarehe 27 niliipata tarehe 31 Desemba. Nilivaa koti juu ya gauni la nyumbani nikaenda posta kwa miguu, theluji hadi kwenye magoti. Nikamwambia yule dada wa dirishani, kuna barua yangu nimeituma Columbus, naomba mnirudishie. Akasema, "Ma'am, ikishaingia ni ya yule uliyemwandikia." Nikamwuliza kama anaweza kupiga simu. Akanitazama kwa huruma, akanipa kitambaa cha karatasi. Nilikuwa sijui kwamba nalia.

Ningesubiri siku kumi tu, barua yako ingenikuta sijatuma yangu. Miaka thelathini nilinyamaza, nikashindwa siku kumi. Gaël alinionyesha kwenye simu mtu waliyemweka badala yako, ana meno mengi. Kiwandani wananiuliza. Nawaambia umeamua kupumzika. Gaël peke yake haniulizi, ananisogezea tu kiti.

Sikuombi unisamehe kwa lile jibu. Mama yule angeniuliza leo, ningemjibu vile vile, kwa hiyo nikikuomba msamaha nitakuwa nadanganya tena. Ninachojutia ni Leokadia. Wewe nilikuchukua kwa sababu alikufa. Lakini ile foleni, ile mvua, ile siku yake, nilimchukulia kwa sababu gani? Ningeweza kukuambia ulikuwa na mama wawili. Nilitaka niwe peke yangu.

Mimi mama mkubwa wako,
Kostansia


Columbus, 29 Machi 2026

Mama,

Shikamoo. Nimejaribu lile neno jingine miezi miwili, hata nikiwa peke yangu. Halikai. Ukinipigia jina linalotokea kwenye simu ni Mama, na nimeshindwa kulibadilisha.

Jumamosi nilikwenda Morse Road. Nshombo siku hizi anapanga bidhaa kwenye duka la chakula. Sikujua. Nilikuwa nimeshika unga, nikainua macho, ni yeye. Akasema, "Karibu, mheshimiwa. Nilisikia umeacha mbio. Bon, hata magari mazuri yanaharibika." Watu wawili wakacheka, na yeye pia. Nikamwuliza kama watu wake, wale aliowaandikia, wako salama. Akaacha kucheka. Akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa na orodha yao." Nikalipa nikatoka. Alikuwa mwongo na mwizi, Mama, alikula fedha za watu, hilo sijalibadilisha. Lakini ile orodha ilikuwa na majina thelathini na moja na mimi nilikuwa nikiyaita vielelezo.

Nimebaki ofisini. Bosi mpya akija tutaona. Nimeomba nirudi kwenye simu za malalamiko. Wanadhani nimechanganyikiwa.

Nina swali moja, na hili halina fomu. Tarehe moja Januari ni ya keki yetu. Mimi nilizaliwa lini?

Aline


Buffalo, Jumatatu ya Pasaka, 6 Aprili 2026

Mwanangu Aline,

Pasaka njema, ingawa imepita jana. Theluji imeisha, imebaki ile chafu kwenye kona za maegesho. Goti limenyamaza. Medard kikohozi kimepona, anakusalimia na anaona aibu kukupigia. Mpigie wewe.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, funguo bado kwenye kitasa. Neno la kwanza nilirudia kulisoma kabla ya kuendelea.

Umesema nisiichome kadi, sikuichoma. Umesema nisikutumie, situmi. Kwa hiyo nakunakilia. Kadi yenyewe ni ya rangi ya waridi, imechanika kona moja, na ina alama ya maji, nadhani ni mvua ile ile. Imeandikwa kwa kalamu hivi:

Jina la mama: Leokadia.
Mtoto: wa kike.
Uzito: kilo mbili na nusu.
Mahali: foleni ya mgao.
Tarehe: 12 Aprili 1994.

Ilikuwa Jumanne. Mkunga aliandika "foleni ya mgao" kwa sababu alikuwa hajui aandike mahali gani, na Leokadia alicheka pale pale chini, akasema, "Andika nilikuwa wa arobaini na tatu, wasije wakanipokonya nafasi." Hayo ndiyo maneno ya kwanza uliyoyasikia duniani. Nilikuwa nimeyaficha pamoja na mengine.

Miaka yote nilipoifungua kadi hii nilikuwa naweka dole gumba juu ya mstari wa kwanza, nasoma kuanzia wa pili. Leo nimeanzia juu.

Jumapili hii ni tarehe kumi na mbili. Nimeandikisha misa hapa Buffalo. Padri aliniuliza jina la marehemu, nikamwambia Leokadia, akauliza ni nani wangu, nikasema mdogo wangu. Hakuuliza zaidi. Wewe nunua keki huko Columbus, ndogo, ya mtu mmoja. Usiwaambie waandike chochote juu yake. Mtu akikuuliza ni ya nini, sema unapenda keki.

Mama yako,
Kostansia